Vidole vya Shirika

Vijana waliokuja kupaka rangi nyekundu kwenye ukuta wa Laurentine walikuwa na adabu kweli kweli. Walibisha hodi, wakamsalimia, wakaomba samahani kwa kuchafua ukuta, wakaandika namba yao kubwa kando ya dirisha, wakaenda kwa jirani. Mtu anakuja kukuvunjia nyumba, halafu anafuta viatu mlangoni. Laurentine aliitikia salamu, akarudi kwenye cherehani yake, maana kola ya shati la watu ilikuwa bado nusu.

Si kwamba habari ilikuwa ngeni. Upande ule wa Musonoi, huko Kolwezi, unaotazama shimo la mgodi, watu walikuwa wanasikia tangu mwaka juzi kwamba chini ya vitanda vyao kuna shaba na kobalti, na kwamba kampuni ya mgodi inavitaka. Wenye nyumba waliitwa ofisini, wakapewa fidia au kiwanja kingine mbali huko porini. Wapangaji waliambiwa waondoke kabla ya mvua za kwanza, basi, hapakuwa na maneno mengine. Laurentine, mumewe Henri na watoto wao wawili walikuwa wapangaji.

Na ule ulikuwa mwaka mbaya kwa kila mtu. Bei ya kobalti ilikuwa imeanguka. Kampuni ndogo alikokuwa Henri akichomelea vyuma ilifunga mlango wake, na wenyewe wakaondoka hata kiti hawakuacha. Wanajeshi waliwafukuza wachimbaji wa mikono kutoka kilima chao, na wachimbaji hao, mseme mtakavyo juu ya ulevi wao, ndio walioleta pesa mitaani. Suruali zao zilizopasuka magoti zilikuwa zinakuja kwa Laurentine, na wake zao walileta vitenge vya kushona libaya, yaani blauzi za kwenda misa. Walipoondoka wao, cherehani ikakaa kimya mchana kutwa.

Njia zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya Mama Godelieve, mjane wa Dilala, mjini, aliyekuwa na vyumba viwili vyenye baraza ya kuweka cherehani. Mama Godelieve alikuwa mtu mwema ila mwoga, alikuwa ameshapata wapangaji waliokimbia usiku. Alimwambia Laurentine wazi kwamba hataki maneno, anataka kuona karatasi ya kampuni, yaani kwamba kuna kampuni fulani imemwagiza nguo za kazi. Akiona hiyo, funguo ni zake. Atamngoja mpaka mwisho wa kiangazi.

Njia ya pili ilikuwa Mwene-Ditu, Kasai, kwa Kalonji, kaka yake Henri.

"Kule tuko na ndugu," Henri alisema usiku ule wa rangi nyekundu. "Kalonji alishasema chumba iko."

"Ni ndugu yako, Tata Henri," Laurentine alisema, akimwita baba kama kawaida yake. "Mi kule sina mutu. Balishanifukuzaka hapa mara moja. Mara ya pili siende."

Henri alijua habari ile. Laurentine alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, na maziwa ya kwanza aliyonyonya yalikuwa ya Kolwezi. Lakini baba yake, karani wa mgodi, aliitwa Kankolongo, na mwaka tisini na tatu, watu wa Kasai walipokuwa wanafukuzwa Katanga, jina la Kikasai lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwake na watoto wake na vyungu vyake. Walilala kituo cha treni majuma mengi pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo watoto hawajawahi kuiona. Mdogo wake Louis, aliyekuwa bado mgongoni, alikufa kwa surua palepale, wakamzika ng'ambo ya reli. Majirani zao wa zamani wengine walikuwa wanapita na kuangalia pembeni, na wengine walikuwa wanacheka. Mama mmoja tu, mke wa mchimbaji aliyetoka kaskazini ya Katanga, alikuwa anakuja jioni na ugali wa bukari na sombe la majani ya muhogo chini ya kitenge, huku watu wa kabila lake wakimtukana njia nzima. Mama huyo alikuwa mama yake Ernestine.

Huko Mwene-Ditu watoto walimcheka Laurentine kwa Kiswahili chake, wakamwita Mukatanga, mtu wa Katanga. Huku hakukuwa kwao, wala kule hakukuwa kwao. Alirudi Kolwezi akiwa msichana mkubwa, akaolewa na Henri, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta akawa ni yuleyule Ernestine, sasa naye mama wa watu. Mungu akitaka kukupa ndugu hakuulizi kabila.

Habari ya Mbayo ililetwa na Mama Tshiela, fundi wa keki za harusi katika barabara ileile. Mbayo alikuwa kijana aliyesoma Lubumbashi, mwenye chumba kidogo karibu na soko kuu na kompyuta mbili, na kazi yake ilikuwa kuwafanya wafanyabiashara wadogo waonekane kwenye Google. Henri aliposikia alikunja uso, akasema kitu chema kinajiuza chenyewe, kibaya ndicho kinachojitembeza. Ni kweli wahenga walisema hivyo. Lakini wahenga hawakuwahi kushona nguo za kazi mahali ambapo wateja wote wamefukuzwa na bunduki.

Laurentine alienda. Mbayo alimpa kiti, akamgeuzia kompyuta.

"Mama, mutu wa kampuni leo hatembee tena mu soko," alimweleza. "Anaikala ku ofisi yake, anaandika mu Google: combinaison de travail Kolwezi, ni kusema ovaroli ya kazi. Mwenye anatokea wa kwanza, njo ule anamupigia."

"Na mi nitatokea wa kwanza?"

"Utatokea juu kabisa. Lakini sikiliza muzuri, Mama. Kutokea haina bei. Kubonyeza njo iko na bei. Kila mutu akibonyeza jina yako, Google inakata kidogo mu pesa yako. Kila siku uko na sehemu yako. Ikiisha, jina yako inatoka, mpaka kesho."

Laurentine alifikiri kidogo, akasema: "Ni sawa na chungu ya bukari ku kilio. Benye kufika mbele banakula, na ikiisha imeisha."

Mbayo alicheka, akasema hajawahi kusikia mtu aliyeelewa upesi namna ile. Na Laurentine alikuwa ameelewa kweli, hilo nalisema ili asije mtu akamwita mjinga. Walipiga picha za ovaroli mbili alizowahi kushona, za buluu, zenye mikanda inayong'aa mikononi na miguuni. Wakaandika jina: Laurentine Kankolongo, ushonaji wa nguo za kazi, Musonoi. Wakaweka namba ya simu. Akiba yote ya mwaka ikaingia humo, akatoka nje akiwa mwepesi wa mfuko na mwepesi wa moyo.

Sasa, katika barabara ile Wakatoliki walikuwa na shirika lao, yaani majirani wanaosali pamoja kila asubuhi jua halijatoka, uani kwa Mama Mado. Shirika si sala peke yake. Ukifiwa, shirika linakuja na mkeka na unga. Ukioa, linakuja na sufuria. Wanaita kutia mkono: kila mmoja anatia alichonacho, na asiyetia anasemwa mpaka Pasaka. Lakini mwaka ule hakuna aliyekuwa na cha kutia. Mtoto wa Mama Mado mwenyewe alizikwa katika sanduku la mbao za kukopa, na aibu ya siku ile ilikuwa bado haijawatoka watu.

Asubuhi ya pili baada ya kwenda kwa Mbayo, wakati wa kila mtu kutaja nia yake, Laurentine alisimama.

"Ba mama, ba tata, kazi yangu sasa iko mu téléphone," alisema. "Muniombee batu babonyeze jina yangu. Bakibonyeza, tutabakia hapa. Basipobonyeza, tutaenda Kasai."

Alisema hayo tu. Habari ya bei ya kubonyeza hakuisema, na angeisemea nini? Mtu anapoomba sala haanzi kueleza hesabu ya duka. Walipomaliza, Ernestine alimfuata mpaka mlangoni akiwa na simu yake iliyopasuka kioo.

"Banabonyeza wapi, ndugu yangu? Nionyeshe."

Laurentine alimwonyesha, akafurahi kwamba kuna mtu anayejali. Akaandika jina lake, likatokea juu kabisa, na picha za ovaroli, na namba ya simu. Ernestine aliangalia kwa muda mrefu. Alisema ni kitu kizuri sana kuona jina la mtu unayemjua limekaa juu ya majina yote ya Kolwezi.

Kisha kungoja kukaanza. Laurentine aliiweka simu kwenye meza ya cherehani, akaenda nayo kisimani, akaenda nayo chooni. Simu ilipolia alikuwa ni Kalonji kutoka Mwene-Ditu, akiuliza watafika lini ili amwondoe mpangaji. Mchana mmoja alimwomba Henri ampigie kutoka nje, aone kama simu ni nzima. Ilikuwa nzima.

Alirudi kwa Mbayo akiwa na hofu ya kuambiwa kwamba hakuna anayemtaka. Mbayo akamshangaza.

"Banakubonyeza mingi, Mama. Mingi sana. Saa mbili ya asubuhi sehemu yako ilishaisha. Kuna batu ba benye mahoteli habapate hivi."

"Na juu ya nini habapige?"

Mbayo alikuna kichwa. Alisema labda picha. Labda wanaona kitu kisichowapendeza, wanaenda kwa mwingine. Alikuwa kijana mwenye wateja wengi na haraka nyingi, na kubonyezwa sana kwake lilikuwa jambo la kujivunia, si la kuchunguza.

Basi Laurentine akarudi nyumbani na lile neno: wanakuja mpaka mlangoni, wanaona kitu kisichowapendeza, wanaondoka. Nani hamjui mtu anayebeba neno kama hilo? Alishona ovaroli mpya, akazipiga picha upya juani, Henri akiwa ameivaa moja na kofia ya kazi, kifua mbele. Haikusaidia. Wakabonyeza tena mara nyingi, asubuhi mapema, na simu haikulia. Alijiambia wakubwa wa kampuni wanaamka mapema, wanamwona, wanamkataa, wanakunywa kahawa yao.

Ndipo alipoanza kulitazama jina. Siku zile yalikuwa yamerudi maneno, si makubwa bado, maneno ya kwenye baa na kwenye pikipiki, kwamba Wakasai wamejaa mno, kwamba kazi kidogo iliyobaki ni ya wenyeji. Laurentine alilala na maneno hayo, akaamka nayo, na asubuhi akaenda mjini kwa miguu kuokoa nauli.

"Toa Kankolongo," alimwambia Mbayo. "Andika Mama Laurentine tu. Mama Laurentine wa Musonoi."

Mbayo aliandika bila kuuliza. Ni kazi ya sekunde chache kumfuta baba wa mtu. Laurentine alipofika nyumbani alimwambia Henri, na Henri akaacha kula. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba marehemu Tata Kankolongo alikataa kubadili jina lile hata pale kituoni, watu walipokuwa wanabadili. Laurentine alilia usiku ule, lakini hakuenda kulirudisha.

Akiba ilipokwisha, aliuza mashine yake ya pili, ile ya kumalizia pindo za nguo. Fundi bila mashine ile anashona kama mpishi anayepika bila kisu, inawezekana lakini utajuta. Aliyeinunua ni fundi wa mjini aitwaye Ngoy, aliyeibeba juu ya pikipiki akaipiga kofi mgongoni kama mbuzi aliyepatikana rahisi. Pesa yote ikaenda kwa Mbayo. Henri alisema hapana, akasema tena hapana, lakini naye hakuwa na kingine cha kusema isipokuwa Mwene-Ditu.

Mwisho wa kiangazi Mama Godelieve alituma mtu. Alikuwa ameona haya kuja mwenyewe. Nyumba alikuwa ameipangisha kwa muuza simu, anamwomba Mama Laurentine asimkasirikie, amengoja alivyoweza. Laurentine alimshukuru yule mtu, akampa maji ya kunywa. Kisha akavaa viatu akaenda kwa Mbayo mara ya mwisho, si kwa tumaini, ila alitaka kujua kosa lake ni lipi, kama mtu anavyotaka kujua mgonjwa wake alikufa kwa nini.

Siku ile Mbayo hakuwa na mteja mwingine. Umeme ulikuwa umerudi, akafungua kurasa ambazo hakuwahi kumwonyesha, na wote wawili wakainama mbele ya kioo. Kulikuwa na maneno yenyewe ambayo watu waliyaandika kabla ya kubonyeza, na saa waliyobonyeza.

Mbayo akasoma polepole, na sauti yake ikawa inapungua. "Mama Laurentine wa Musonoi. Mama Laurentine ushonaji Musonoi. Laurentine jirani." Alirudi juu, akashuka tena. "Mama, hapa hakuna mutu wa kampuni. Mutu wa kampuni ataandikaje jina yako? Hakujue. Hawa banakujua."

"Saa ngapi?"

"Kila siku saa moja kasoro. Kila siku. Ofisi za kampuni zikifunguliwa, sehemu ilishaisha. Habajakuona, Mama. Hata siku moja."

Saa moja kasoro ni saa ambayo shirika linasema amina. Laurentine hakuhitaji kuuliza zaidi. Aliwaona wote mbele yake, mmoja mmoja, na simu zao za vioo vilivyopasuka. Aliketi pale mpaka Mbayo akamletea soda, akaomba radhi kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, akasema yeye ndiye aliyeweka jina la Laurentine liwe miongoni mwa maneno ya kumtafutia, kila mtu hufanya vile. Laurentine alimwambia si kosa lake. Alikunywa ile soda kwa sababu ilikuwa imeshafunguliwa.

Henri aliposikia aliruka kitini.

"Ninaenda kubaambia. Leo leo. Batu gani hawa, banakula mutu na banaimba?"

"Kubaambia nini? Nyumba ya Mama Godelieve itarudi? Mashine itarudi?"

"Bajue. Bajue tu."

"Henri," alisema Laurentine, na kumwita mumewe jina tupu ilikuwa nadra, "ule mwaka ku gare ya treni, mama ya Ernestine alitukanwa juu yetu. Balimutupia mawe. Mi nilikula ile bukari. Nitaenda kumwambia mutoto yake nini?"

Asubuhi iliyofuata alienda kwenye sala, lakini alichelewa kusudi, akasimama nje ya ua wa Mama Mado. Alisikia amina. Kisha akachungulia. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, vichwa vimeinama zaidi ya vilivyoinama kwa Baba Yetu. Wenye simu walikuwa wanabonyeza, wakimaliza wanawapitishia wasio na simu, nao wanabonyeza, ili kila mmoja atie mkono wake. Mzee mmoja asiyejua kusoma alikuwa anashikwa kidole na mjukuu. Ernestine alikuwa anapita kati yao akiuliza nani hana mega za intaneti, kwa sababu mega alikuwa amenunua yeye, mwanamke ambaye tangu mwezi uliopita alikuwa anapika sombe bila chumvi. Nyuso zao zilikuwa zimetulia. Mwaka mzima walikuwa hawana cha kumpa mtu, na sasa walikuwa nacho.

Laurentine aliona hasira inampanda, hasira ya kweli, ya kutaka kuingia na kuipiga teke mikeka yote. Halafu ikamtoka yote kwa mara moja, akabaki na uchovu tu. Alirudi nyumbani akaanza kufunga vyungu.

Waliondoka na lori la kwenda Kamina, ambako wangepanda treni. Shirika lote lilikuja kusindikiza, na Mama Mado aliongoza rozari, na walioanza kulia walikuwa wanaume. Cherehani ilifungwa juu ya magunia. Watoto wao, Mignonne na Shekina, walikuwa wameshapanda. Laurentine alikuwa amekaa karibu nao, Henri bado akikaza kamba, wakati Ernestine aliposogea akashika ubao wa lori kwa mikono miwili.

"Niambie kweli, ndugu yangu. Hatukukuambia juu tuliogopa utasikia haya, lakini kila asubuhi tulikuwa tunakubonyeza. Sisi wote. Hata siku moja hatukuacha. Ile kitu, ilikusaidia hata kidogo?"

Henri aliacha kamba. Laurentine hakumtazama.

"Ilinisaidia sana, Mama Ernestine," alisema. "Bila mweye tungekuwa tulishaenda zamani."

Ernestine alifumba macho, kisha akageuka kwa wenzake. "Munasikia? Nilibaambia. Mungu hakukubali tu, lakini ilisaidia." Na wale wenzake wakaitikia kwa vichwa, wengine wakatabasamu katikati ya machozi, na Laurentine alijiona amefanya jambo jema la mwisho katika mji ule. Angekwenda nalo hilo.

"Basi kesho tunaanza kwa Mama Tshiela," alisema Mama Mado.

Tshiela alikuwa amesimama pale pale, ameshika mkoba wake, mwenye haya na mwenye furaha. Yeye alikuwa mwenye nyumba, na fidia yake nzima alikuwa ameiweka kwa Mbayo juma lile, ili keki zake zijulikane mjini kabla hawajahamishiwa porini. Alisema aksanti, akasema atawapikia kitu wote, wakianza mapema kama walivyofanya kwa Mama Laurentine.

Dereva alipiga honi. Laurentine alianza kushuka.

"Panda, tuende," Henri alimwambia kwa sauti ya chini, yeye aliyekuwa anataka kusema tangu mwanzo. Alimshika mkono. "Umuache. Ilishaisha."

Laurentine aliutoa mkono wake, akashuka mpaka chini, akasimama mbele ya Ernestine. Alimweleza wazi, bila kuzungusha, jinsi kila kidole kilivyokata pesa, jinsi sehemu ya siku ilivyokuwa inaisha kabla ofisi hazijafunguliwa, jinsi wateja wasivyomwona hata siku moja. Alisema musimubonyeze Mama Tshiela, kama munamupenda musiguse jina yake. Alipomaliza, hapakuwa na mtu aliyekuwa bado anatabasamu.

"Asubuhi zote?" Ernestine aliuliza.

"Zote, Mama."

"Na nyumba ya Dilala?"

Laurentine alitazama chini.

"Uliniambia ilisaidia. Sasa hivi. Ulinitazama mu macho."

"Nilikuambia."

Ernestine aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, akaifunga katika pindo la kitenge chake, fundo moja, na la pili. Hakulia. Laurentine alinyoosha mikono amkumbatie, na Ernestine akarudi nyuma hatua, si kwa chuki, bali kama mtu aliyejichafua anayeogopa kumchafua mwenzake. Honi ikalia tena. Henri alimvuta mkewe juu, lori likaondoka na vumbi lake.

Hakuna aliyepunga mkono. Laurentine alitazama nyuma mpaka kona. Mama Mado alikuwa anakunja mkeka, Tshiela alikuwa amekaa chini na mkoba mapajani, na Ernestine alikuwa ameshawapa mgongo wote, anarudi kwake peke yake, upesi upesi, na hapakuwa na mwanamke aliyethubutu kumfuata.